Mwanafunzi "Amepotea" kwenye Mfumo: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu za Hifadhidata ya Chuo

Malalamiko mengi yanayofika kwenye dawati letu la usajili hapa Malindi huja kwa sura tatu: mfumo umegoma, mfumo umemmeza mwanafunzi, au mfumo umeharibu jina. Maneno hayo yanaonyesha uchungu wa anayeyasema, lakini hayamwambii fundi aanzie wapi. Mtumishi anayeweza kusema kwamba rekodi ipo ila imefichwa na kichujio cha muhula huwa amelitatua tatizo lake kabla ya kuinua simu. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, na kila istilahi inaelezwa pale inapohitajika.

Tuanze na zile ambazo hatuwezi kuzikwepa. Hifadhidata ya chuo ni mkusanyiko wa majedwali yanayohusiana. Katika jedwali la wanafunzi kila safu mlalo ni rekodi ya mtu mmoja, na kila safu wima ni uga mmoja, kama vile jina, tarehe ya kuzaliwa au nambari ya kitambulisho. Mpangilio huu unatokana na kazi ambayo Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, aliichapisha mwaka 1970, na nguvu yake ni kwamba jambo moja huandikwa mahali pamoja: jina limo katika jedwali la wanafunzi, karo imo katika jedwali la malipo, alama zimo katika jedwali la matokeo, na kinachoyaunganisha yote matatu ni nambari ya usajili. Ukurasa unaoufungua kwenye skrini si jedwali. Ni fomu inayochota kutoka majedwali kadhaa kwa wakati mmoja. Fomu inaweza kuwa tupu ilhali jedwali limejaa.

Dalili: mwanafunzi hatokei anapotafutwa

Sababu inayotangulia nyingine zote ni kichujio, yaani sharti ambalo skrini huliweka kabla ya kuonyesha matokeo: muhula huu pekee, bewa hili pekee, wanaoendelea na masomo pekee. Mwenzako aliyeitumia kompyuta hiyo asubuhi akiacha kichujio cha mwaka wa kwanza, mwanafunzi wa mwaka wa tatu hatatokea hata ukiliandika jina lake bila kosa. Kabla ya kugusa kitu kingine, futa vichujio vyote, kisha tafuta kwa nambari ya usajili badala ya jina.

Sababu ya pili ni tahajia, na hapa pwani ina mambo yake. Binti mmoja anaweza kuwa Mwanaisha kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanaesha kwenye cheti cha kidato cha nne, na Mwana Isha kwenye kitambulisho cha taifa. Kwa hifadhidata, Mohamed, Mohammed na Muhammad ni majina matatu tofauti. Ndivyo ilivyo pia kwa Athman na Othman, na kwa Fatma na Fatuma. Jina kama Sa'id lina ritifaa, na ritifaa iliyonyooka ya kibodi si alama ile ile na iliyopinda ambayo programu ya kuandikia barua huiweka yenyewe. Jicho haligundui tofauti hiyo, lakini kompyuta huiona kila mara. Ukilazimika kutafuta kwa jina, andika sehemu zisizobadilika tu. Katika SQL, lugha inayotumika kuiuliza hifadhidata maswali, alama ya asilimia husimama badala ya herufi zozote, kwa hiyo ukiandika Mwana%sha utawapata Mwanaisha, Mwanaesha na Mwana Isha kwa pamoja. Skrini nyingine hutumia kinyota kwa kazi hiyo hiyo. Angalia pia nafasi tupu mwanzoni au mwishoni mwa jina, hasa ikiwa umelinakili kutoka ujumbe wa simu.

Sababu nyingine huja mara chache zaidi. Huenda uga wa hali yake umebadilika na kuwa ameahirisha au amehitimu. Huenda bado yumo katika jedwali la waombaji na hajahamishiwa katika jedwali la wanafunzi, jambo linalotokea sana katika wiki ambazo orodha za waliopangiwa vyuo kupitia KUCCPS, shirika la kitaifa la kuwapangia wanafunzi vyuo, zinaingizwa kwa mafungu. Ya mwisho ni ruhusa: akaunti yako imepewa jukumu la kuona wanafunzi wa bewa moja, naye amesajiliwa katika bewa jingine. Hilo huwezi kulirekebisha mwenyewe, wala hupaswi kujaribu.

Komea hapo kama nambari ya usajili imeshindwa na vichujio vimefutwa. Usimsajili upya. Nasisitiza jambo hili kuliko yote yaliyomo katika mwongozo huu, kwa sababu dalili inayofuata huzaliwa na kosa hilo.

Dalili: mtu mmoja ana rekodi mbili

Kila jedwali lina ufunguo msingi, ambao ni uga usioruhusiwa kujirudia wala kuachwa tupu. Katika jedwali la wanafunzi, kwa kawaida huwa ni nambari ya usajili. Nambari hiyo ikiandikwa ndani ya jedwali la malipo ili kuonyesha malipo ni ya nani, huitwa ufunguo wa nje. Mfumo hauruhusu watu wawili wenye nambari moja, lakini kama haukuwekewa kizuizi kingine hauna njia ya kujua kwamba nambari mbili ni za mtu mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi, alifika mama mmoja kutoka Faza. Alikuwa amevuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi kupitia Witu na Garsen, na mkononi alibeba bahasha ya stakabadhi zilizopangwa kwa tarehe. "Mwanangu," aliniambia, "mihula miwili nimelipa, na mtoto amezuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani." Nilimwomba akae, nikazitandaza stakabadhi mezani moja moja. Zote zilikuwa na nambari moja ya usajili. Kadi ya mtihani ya binti yake ilikuwa na nambari nyingine. Katika msongamano wa siku za usajili, mtu alimtafuta kwa jina la Mwanaesha, akamkosa kwa sababu alikuwa ameandikwa Mwanaisha, akamfungulia rekodi mpya. Karo iliendelea kuingia kwenye rekodi ya kwanza, masomo yakasajiliwa kwenye ya pili, na mfumo ukamwonyesha binti huyo akiwa mdaiwa wa kila shilingi. Kuziunganisha rekodi hizo kulichukua siku tisa, na mtihani mmoja alikuwa ameshaukosa.

Ukishuku rekodi mbili, tafuta kwa nambari ya kitambulisho cha taifa, kisha kwa tarehe ya kuzaliwa pamoja na jina la mwisho. Ukizipata zote mbili, andika nambari zake na kilichoambatana na kila moja: malipo, masomo, alama, chumba cha malazi. Hapo ndipo kazi yako inapoishia. Usifute ile inayoonekana kuwa ya ziada, kwani kutegemea jinsi funguo za nje zilivyowekwa, mfumo ama utakataa kuifuta, ama utaifuta pamoja na malipo na alama zote zilizofungwa nayo. Kuunganisha rekodi ni kazi ya msimamizi wa hifadhidata, naye huanza kwa kuchukua nakala rudufu.

Dalili: malipo yametoka, salio halijabadilika

Salio halijaandikwa na mtu. Katika mifumo mingi ni uga unaokokotolewa, yaani jumla ya anachodaiwa ukitoa miamala yote iliyolipwa. Salio likikosea, basi kuna muamala uliokosekana, uliojirudia, au uliokwenda kwa mtu mwingine, na hicho ndicho cha kutafutwa.

Mara nyingi mlipaji alikosea kuandika nambari ya akaunti. Nambari ya usajili yenye mistari ya mkwaju (/) huandikwa bila mikwaju, au kwa nafasi tupu katikati, au kwa herufi O mahali pa sifuri, nao muamala huishia katika akaunti ya muda ya fedha ambazo mwenyewe hajatambuliwa. Mwombe mwanafunzi ujumbe wa M-Pesa wenyewe, si maelezo ya mdomo, usome ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi, kisha uitafute hiyo badala ya jina la mlipaji. Anayelipa ni mjomba mara nyingi kuliko mwanafunzi. Nayo isome kwa makini, kwa sababu O na 0 hufanana humo pia.

Yaweza kuwa pia kwamba hakuna kosa lolote na ni suala la kusubiri tu. Baadhi ya vyuo havipokei taarifa za benki papo hapo, bali huziingiza kwa fungu moja usiku. Uliza kwanza ofisi ya fedha fungu la mwisho liliingia lini.

Ikiwa nambari ya muamala haipatikani popote baada ya fungu la usiku, mpeleke mwanafunzi kwa mhasibu akiwa na ujumbe wake. Usimwambie alipe tena "ili mambo yaende", na usiombe mtu yeyote abadilishe salio kwa mkono.

Dalili: ripoti na skrini hazipatani

Skrini inaonyesha wanafunzi 214, ripoti iliyochapishwa ina 209, na mkuu wa idara anataka kujua nani anamdanganya. Kwa kawaida hakuna anayedanganya. Ripoti ni matokeo ya hoja, yaani swali lililoandikwa kwa SQL na kuhifadhiwa, na hoja hiyo ina masharti yake ambayo hayaonekani kwenye karatasi. Kwanza linganisha saa: ripoti ya jana jioni haiwezi kuwa na waliosajiliwa leo. Pili, linganisha masharti ya ripoti na vichujio vya skrini, neno kwa neno.

Yote mawili yakipatana, tazama thamani tupu. Uga mtupu si sifuri wala si nafasi. Maana yake ni kwamba thamani haijulikani. Hoja inayounganisha jedwali la wanafunzi na jedwali la programu za masomo huweza kuwaacha nje wote ambao uga wao wa programu haujajazwa. Watu watano waliopungua katika mfano wetu wangetafutwa humo kwanza: chuja wanafunzi ambao uga wa programu ni mtupu, uone kama idadi inalingana.

Halafu kuna saa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu makosa yake huumiza watu. Seva nyingi, yaani kompyuta kuu zinazoendesha mifumo, huhifadhi muda kwa saa za dunia, yaani UTC, na Kenya iko mbele yake kwa saa tatu. Mwanafunzi akilipa tarehe 1 Septemba saa saba na nusu usiku, seva isiyobadilisha muda itaandika tarehe 31 Agosti, 22:30. Ripoti ya Septemba itamkosa. Vivyo hivyo, muda wa mwisho uliowekwa 23:59 kwa UTC utafungwa hapa kwetu saa nane na dakika 59 usiku, na mtu atajiona amebahatika bila kujua kwa nini. Ukiona hitilafu inawapata wale tu waliofanya jambo kati ya saa sita na saa tisa usiku, muda huo wa UTC ndio mkosaji, na ni msimamizi wa mfumo pekee anayeweza kuurekebisha.

Linaloongezea ugumu ni namna tunavyohesabu wenyewe. Tangazo likisema 06:00, yupo atakayesoma saa sita. Na mzee wa Lamu akikwambia alilipa usiku wa Ijumaa, ana maana ya usiku ambao ofisi inauita wa Alhamisi, kwa kuwa siku kwake huanza magharibi. Ukiombwa kutafuta muamala wa namna hiyo, weka kichujio cha tarehe mbili, si moja, na katika matangazo yako andika saa kwa njia zote mbili.

Dalili: rekodi inafunguka lakini haikubali kuhifadhiwa

Soma ujumbe wa kosa hadi mwisho kabla ya kuufunga. Mara nyingi unataja uga wa lazima ulioachwa wazi, au thamani isiyofaa, kama vile herufi ndani ya uga wa nambari. Ikiwa hakuna ujumbe wowote na ukurasa unakurudisha mwanzo, kipindi chako kimekwisha: mfumo humtoa mtumiaji aliyekaa bila kufanya kitu, hata kama fomu iko wazi mbele yake. Nakili ulichoandika, ingia upya, ujaribu tena.

Ujumbe ukisema rekodi inatumiwa na mtu mwingine, umekutana na kufuli. Hifadhidata hufunga rekodi inayobadilishwa ili watu wawili wasiandikiane juu. Uliza ofisini nani ameifungua. Mara nyingi ni mtu aliyeenda kula na kuacha skrini wazi. Kufuli linalobaki hata baada ya kila mtu kutoka ni la msimamizi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo hatuna haja ya kuelezwa, usidhani kwamba nusu ya kazi yako imebaki. Muamala wa hifadhidata, na neno hili hapa halina maana ya fedha pekee, hukamilika wote au haukamiliki hata kidogo: ikiwa seva haijauthibitisha, huondoa kila hatua na kurudi ilipokuwa. Ila kama ulikuwa ukiingiza wanafunzi 40 mmoja mmoja, kila mmoja ni muamala wake, kwa hiyo 17 wanaweza kuwa wamo na wa 18 hayumo. Umeme ukirudi, tafuta wa mwisho unayemkumbuka kabla ya kuendelea. Ukianza upya orodha nzima, utazalisha rekodi mbili mbili.

Dalili: nambari na tarehe zimebadilika baada ya kuingiza faili

Hapa mfumo hauna kosa. Lahajedwali ndilo lililobadilisha. Ukifungua faili ya CSV, yaani faili ya maandishi ambayo nyuga zake hutenganishwa kwa mkato, kwa Excel, nambari ya simu inayoanza kwa 07 hupoteza sifuri kwa sababu imechukuliwa kuwa hesabu. Ukiiandika kwa 254, inakuwa na tarakimu 12 na huweza kuonekana kama 2.54E+11, ukihifadhi faili ikiwa hivyo, tarakimu zilizofichwa zinapotea kwenye CSV. Nambari yenye tarakimu zaidi ya 15 hugeuzwa mwisho wake kuwa sifuri. Tarehe 03/04 huweza kusomwa Machi 4 mahali pa Aprili 3 ikiwa kompyuta imewekwa kwa mtindo wa Marekani.

Dawa yake ni kufanya safu hizo kuwa maandishi wakati wa kuleta data, si baada ya kuifungua, na kuandika tarehe kwa mwaka, mwezi, siku: 2024-04-03. Ingiza kwanza rekodi tatu za majaribio, uzikague uga kwa uga, ndipo uingize zilizobaki. Kama faili mbovu imekwisha kuingia, simama mara moja usijaribu kuisahihisha kwa kuingiza nyingine juu yake. Mpigie msimamizi, umpe saa kamili uliyoingiza, ili aweze kurudisha hali ya kabla.

Dalili: siwezi kuingia

Angalia kitufe cha herufi kubwa, kisha nafasi tupu baada ya jina la mtumiaji, kisha uthibitishe kama wenzako wanaingia. Ukijaribu mara nyingi, akaunti hufungwa kwa muda, kwa hiyo usizidishe majaribio. Ukiingia lakini sehemu fulani haifunguki, neno la siri halina kosa. Kilichokosekana ni idhini. Katika hali yoyote usitumie akaunti ya mwenzako, kwani kumbukumbu za ukaguzi huandika jina la mwenye akaunti pembeni ya kila badiliko la alama, na ni yeye atakayeitwa.

Unapompigia fundi

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu wanafunzi wetu wote, kwa hiyo usitume picha ya skrini yenye kitambulisho au alama za mtu kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Ukigundua kwamba taarifa za wanafunzi zimefika mikononi mwa wasiohusika, mwambie mkuu wako saa hiyo hiyo, kwa sababu chuo kina saa 72 tu za kumjulisha Kamishna wa Data pale ambapo uvujaji huo unaweza kuwadhuru wenyewe.

Kwa hitilafu nyingine, ujumbe wa namna hii unatosha: "Leo saa nne na dakika kumi asubuhi (10:10), nikiwa kwenye fomu ya usajili wa masomo, nilitafuta kwa nambari ya usajili na vichujio vyote vimefutwa. Rekodi inafunguka, haihifadhi, na ujumbe unasema inatumiwa na mtu mwingine. Nimeuliza ofisi nzima, hakuna aliyeifungua. Nambari ya usajili nitakutajia kwa simu. Sijabadilisha chochote."